Kalamu ya adalimumab: kujidunga nyumbani kwa vidole vinavyouma

Mgonjwa wa baridi yabisi anayetibiwa na NHS, mfumo wa afya wa umma hapa Uingereza, akishaandikiwa adalimumab, hupokea vitu viwili kwa mpigo: kalamu ya sindano yenye miligramu 40 za dawa, ambayo atajidunga mwenyewe kila baada ya wiki mbili, na huduma ya kampuni binafsi inayomletea kalamu hizo mlangoni kwa niaba ya hospitali. Navipima vyote viwili, kwa kuwa hapati kimoja bila kingine. Sitaji jina la kalamu yangu wala la kampuni, si kwa kumwogopa mtu, bali kwa sababu hapa mgonjwa hachagui. Hospitali ndiyo yenye mkataba, na mkataba ukibadilika hubadilishiwa kalamu.

Adalimumab iliidhinishwa kwanza Marekani mwaka 2002 kwa jina la Humira, ingawa chimbuko lake ni maabara za Cambridge, na mbinu iliyoizaa ndiyo iliyompatia Gregory Winter sehemu ya Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2018. Ni kingamwili inayoikamata protini iitwayo TNF, ambayo kwa wenye ugonjwa huu huwa nyingi kupita kiasi na kuchochea uvimbe unaokula viungo taratibu. Kwa kuwa nayo ni protini, ikimezwa itasagwa tumboni pamoja na chakula, ndiyo maana haitolewi kwa vidonge. Kwa miaka kadhaa hakukuwa na dawa iliyozigharimu hospitali za NHS fedha nyingi kuliko hiyo, zaidi ya pauni milioni 400 kwa mwaka, hadi Oktoba 2018 hataza yake, yaani haki ya pekee ya kuitengeneza, ilipokwisha Ulaya na dawa zinazofanana nayo, kama vile Amgevita, Imraldi na Hyrimoz, zikaingia sokoni kwa bei ya chini. Wagonjwa wengi walihamishwa kutoka kalamu moja hadi nyingine wakati huo, na baadhi yetu tumehamishwa tena baadaye.

Mtu ambaye hajawahi kuishika kalamu hii hudhani kwamba kazi iko kwenye sindano. Sindano yenyewe ni fupi na nyembamba, imefichwa ndani kabla na baada ya kutumika, na anayejidunga haioni. Kazi iko kwenye kofia. Kwa kalamu nyingi huvutwa kwa kunyooka, bila kuzungushwa, na watengenezaji wameibana barabara ili isichomoke njiani. Sasa mpe mtu ambaye vifundo vya vidole vyake vimevimba na gumba lake halikunjiki, umwambie aishike kwa ncha za vidole na kuichomoa. Mimi huvaa glavu ya mpira ya kuoshea vyombo kwenye mkono wa kulia ili kofia isiteleze, na siku ambazo hata glavu haisaidii humwita binti yangu aivute, kisha yaliyobaki nayafanya mwenyewe. Inashangaza kwamba dawa ya watu wenye mikono mibovu hufungwa kwa namna inayohitaji mikono mizima, hasa ukizingatia kwamba wengine walishalifikiria jambo hili: bomba la Cimzia, dawa ya kundi hilihili, lilisanifiwa kwa kushirikiana na OXO, kampuni ya vyombo vya jikoni iliyoanzishwa mwaka 1990 na Sam Farber baada ya kumwona mkewe, aliyekuwa na ugonjwa wa viungo, akihangaika na kifaa cha kumenyea.

Kofia ikishatoka hairudishwi, na kuanzia hapo mambo ni mepesi, ingawa wepesi wenyewe unategemea aina ya kalamu. Ziko zenye kitufe juu, ambazo humtaka mtu aikandamize kalamu kwenye ngozi na wakati huohuo abonyeze kitufe kwa gumba, kidole ambacho kwa wengi wetu hakina nguvu tena. Nyingine hazina kitufe: huisimamisha wima juu ya paja, ukaisukuma chini kwa kiganja kizima, nayo ikajifyatua. Nimetumia zote, na sioni sababu ya kitufe kuendelea kuwapo. Husikika mlio mmoja mkavu dawa inapoanza kuingia, kisha rangi, ya njano kwa kalamu nyingi, huanza kuteremka ndani ya kidirisha cha pembeni, na baada ya sekunde kadhaa husikika mlio wa pili. Asiyejua huinua mkono hapo. Inafaa kuendelea kukandamiza hadi kidirisha kijae rangi hiyo chote, kwa kuwa anayeharakisha huiona dawa ikimtiririka pajani, na hapaswi kujidunga kalamu nyingine kufidia bila kuuliza hospitali.

Maumivu yapo, lakini yanapunguzika. Kalamu iliyotoka moja kwa moja kwenye friji huwasha zaidi, kwa hiyo huitoa mapema na kuiacha mezani kwa nusu saa hivi, bila kuikaribisha kwenye hita wala maji ya moto. Muundo wa dawa nao una sehemu yake: baadhi ya matoleo yalitiwa sitreti, chumvi ya asidi ya limau, ambayo watumiaji wengi waliilalamikia kwa kuchoma, na matoleo mapya mengi yameiondoa. Aliyejidunga miaka ya nyuma akaapa kutorudia huenda leo akaona tofauti. Muuguzi alinifundisha kubadilisha paja kila mara, au kutumia tumbo, angalau sentimita 5 kutoka kwenye kitovu, na kuepuka mahali penye kovu au wekundu.

Kuhusu matokeo, nitasema machache kwa sababu kila mwili una yake, na hospitali hupima tena baada ya miezi 6 ili kuamua kama dawa iendelee. Kwangu, kukakamaa kwa asubuhi ambako kulinizuia kufunga vifungo vya nguo hadi karibu na adhuhuri kumepungua sana. Bado natumia methotrexate, dawa nyingine ya baridi yabisi, pamoja nayo, kama wanavyoshauriwa wengi, kwa kuwa hizo mbili hufanya kazi vizuri zaidi zikiwa pamoja.

Jambo ambalo Waswahili wenzangu huku wanapaswa kulichukulia kwa uzito kuliko maumivu ya sindano ni kinga. TNF ni miongoni mwa vitu vinavyoufunga mdudu wa kifua kikuu aliyelala mwilini, na dawa ikiizuia, mdudu huyo anaweza kuamka. Kwa sababu hiyo mgonjwa hupimwa damu na kupigwa picha ya kifua kabla ya kalamu ya kwanza, na hupimwa pia homa ya ini aina ya B. Aliyekulia Afrika Mashariki, au aliyewahi kuishi na ndugu aliyeugua kifua kikuu, alieleze hilo waziwazi hata kama hakuulizwa, na asione haya. Akikutwa na maambukizi yaliyolala hupewa dawa zake kwanza, kisha ndipo huanza adalimumab. Vilevile ukipata homa, au ukiandikiwa antibiotiki, kalamu hubaki kwenye friji hadi uzungumze na wauguzi wa kliniki.

Sasa nije kwenye huduma ya kuletewa. Kuna sababu ya kifedha inayoifanya hospitali ipendelee njia hii: dawa inayotolewa kwa mgonjwa wa nyumbani kupitia duka la dawa haitozwi kodi ya ongezeko la thamani, ilhali inayotumika ndani ya hospitali hutozwa asilimia 20. Sina ugomvi na hesabu hiyo. Ugomvi wangu ni kwamba mgonjwa anakuwa kati ya ofisi mbili zinazotupiana mpira. Kampuni iliyokuwa ikinihudumia ilipochelewa kuleta, iliniambia hospitali haijatuma cheti cha dawa; hospitali ikasema ilikwisha kukituma; na mimi, ambaye vidole vilikuwa vimeanza kuvimba upya, ndiye niliyekaa kwenye simu nikisikiliza muziki wa kungojea. Malalamiko ya aina hii si yangu peke yangu, kwani Novemba 2023 kamati ya Baraza la Malodi, bunge la juu la Uingereza, ilitoa ripoti kali kuhusu huduma hizi, zinazowafikia wagonjwa zaidi ya 500,000 nchini Uingereza, ikaonyesha kwamba hata serikali yenyewe haikuwa na picha kamili ya fedha zinazotumika wala ya ubora wa huduma. Kwa haki yake, dereva amekuwa mstaarabu kila mara, mzigo umefika ukiwa baridi, na kisanduku cha njano cha sindano zilizotumika huchukuliwa bila usumbufu. Lakini lazima mtu mzima awepo nyumbani kupokea, na anayefanya kazi za zamu anajua maana ya kungoja mzigo siku ya kazi.

Safari ya nyumbani Afrika Mashariki ndiyo inayoipima kalamu kuliko yote. Hutunzwa kati ya nyuzi joto 2 na 8, haipaswi kuganda kamwe, na ikitoka kwenye friji hustahimili siku 14 kwa baadhi ya aina na siku 28 kwa nyingine, mradi joto lisizidi nyuzi 25, jambo ambalo Mombasa au Dar es Salaam mwezi wa Februari hakuna chumba kisicho na kiyoyozi kitakachokuahidi. Isafiri ndani ya begi la mkononi pamoja na barua ya hospitali, kwa kuwa kwenye mizigo ya chini inaweza kuganda. Zaidi ya hayo, chanjo ya homa ya manjano ni chanjo hai, na anayetumia adalimumab hapewi. Anayepitia Nairobi, akakaa huko kisha akaendelea Zanzibar, ataulizwa kadi ya chanjo hiyo, kwa hiyo aombe mapema barua ya kitabibu ya kusamehewa, na atafakari kwa makini kama eneo analokwenda lina hatari ya ugonjwa wenyewe.

Kalamu isiyo na kitufe naipa alama nne kati ya tano, moja ikipotelea kwenye kofia; huduma ya kuletewa naipa mbili. Anayeamua sasa kama ataweza kujidunga mwenyewe aombe kliniki impe kalamu ya mazoezi isiyo na sindano, aende nayo nyumbani, na aijaribu asubuhi na mapema wakati vidole bado vimekakamaa, si alasiri mbele ya muuguzi.