Miaka sita na duka la Mangi wa Kimanga: raha zake na kero zake

Juzi nilitumwa sabuni ya unga. Nikafika dirishani, nikataja ile inayotangazwa sana redioni. Mangi hata hakuigusa. "Baba Salma, hiyo kwako haitumiki. Mwaka jana ilimtoa Mama Salma vipele mikononi." Akanichomolea pakiti ya kijani. Habari ya vipele mimi nilishaisahau kabisa, na ni mke wangu.

Duka lenyewe liko Tabata Kimanga, uchochoroni, chumba kimoja chenye nondo mbele na kidirisha cha kupitishia bidhaa. Bango halina, ukuta tu umepakwa rangi za kampuni ya simu. Kwa wasio wa Dar: mangi ni cheo cha machifu wa Kichaga kule Kilimanjaro, ila mjini hapa muuza duka la mtaani yeyote ni Mangi, hata akiwa Mkinga wa Makete. Wa kwetu ni Mchaga kweli, na jambo hilo lina gharama zake ikifika Desemba. Nitafika huko.

Nilipohamia hapa nilikuwa mtu wa supamaketi. Kila mwisho wa mwezi nasukuma kitoroli, najaza, nalipa, naondoka bila mtu kuniuliza habari za nyumbani. Lakini Dar tumeshaona maduka makubwa yakija na kuondoka. Shoprite iliuza maduka yake 2014, Uchumi ikafunga 2015. Sisemi wakina Mangi ndio waliowafukuza, mahesabu ya wakubwa wanayajua wenyewe. Ninachojua ni kwamba mshahara wangu hufika tarehe 20 umechoka, na kuanzia hapo hakuna supamaketi itakayoniuzia mafuta ya kula ya shilingi 500.

Mangi anauza. Unakwenda na kikombe chako, anachota kwenye ndoo kwa kipimo chenye mpini mrefu, anakiinua juu, anasubiri tone la mwisho lidondoke. Kile kitendo cha kusubiri tone ndicho kilichonifanya nimwamini. Sukari robo, majani ya chai ya 100, kiberiti, vitunguu viwili, yote hayo anayahudumia kwa uso uleule anaomhudumia anayebeba kiroba cha unga kilo 25. Umeme ukikata saa nne usiku kwa sababu luku imeisha, unamgongea, ananunua tokeni kwa simu yake, hela utampa asubuhi.

Kilichonifunga kwake moja kwa moja ni sukari ya mwanzoni mwa 2024. Mnakumbuka hali ilivyokuwa: mvua kubwa zilivuruga uzalishaji viwandani, sukari ikaadimika, serikali ikatangaza bei elekezi, na mitaani bado kilo ikavuka 4,000. Kuna duka la jumla nilizunguka nikaambiwa imeisha huku naona mifuko nyuma ya pazia. Mangi alipata mfuko mmoja, sijui kwa nani, akatugawia wateja wake nusu kilo kila nyumba. Akamnyima kijana mmoja aliyekuja na bodaboda akitaka kilo kumi kwa bei yoyote. "Nikikuuzia wewe, hawa watoto kesho watakunywa uji gani?" Kijana akaondoka akisonya. Sisi tuliokuwa kwenye foleni tukajifanya hatukusikia, ila kila mtu alisikia.

Sasa kero. Bei yake ya rejareja si rafiki ukiifuatilia. Sukari ya robo robo ikitimia kilo utakuta umemzidishia kama 200 hivi. Namwelewa: anaamka alfajiri kwenda Kariakoo, mchele anaufuata Tandale, mzigo unakuja na guta, na guta linataka hela. Ila ukiwa na uwezo wa kununua kwa kilo, nunua kwa kilo. Maziwa ya pakiti angalia tarehe mwenyewe, mara mbili nimepewa yaliyopita muda. Alinibadilishia bila ubishi, lakini kwa nini nigundue mimi? Mizani haina shida, stika ya Wakala wa Vipimo ameibandika palepale inapoonekana.

Kero kubwa ni daftari. Juu ya dirisha pameandikwa "Leo kwa fedha, kesho kwa mkopo", lakini hayo ni mapambo, wenyeji wote tumo ndani ya kaunta buku. Mwaka juzi aliniandikia 4,500 mara mbili. Nilipobisha, akasoma deni langu kwa sauti, mstari kwa mstari, mbele ya mama mwenye nyumba wangu ambaye kodi yake nilikuwa sijamalizia. Mkate, mkate, yai moja, vocha, mkate. Nilitamani ardhi inimeze. Baadaye aligundua kosa akanipunguzia na kuniomba radhi, lakini hiyo radhi aliitoa tukiwa wawili tu. Tangu siku hiyo naandika na mimi kwenye simu, na Jumamosi tunalinganisha. Ukiamua kukopa kwa Mangi yeyote, anza na utaratibu huo.

Na anajua mno. Anajua lini nimefulia, anajua wageni wangu wamelala siku ngapi, anajua nimepunguza sigara kabla mke wangu hajajua. Huduma ya kujuana ndiyo hiyo, huwezi kuchukua nusu.

Desemba tarehe 18 au 20, hivi, unakuta mlango umefungwa na kikaratasi: "Tumeenda nyumbani." Moshi hiyo. Wiki mbili nzima mtaa unahangaika, chumvi tu tunaifuata barabarani, na Mangi wa upande wa pili naye yuko hukohuko Moshi. Nilishamwambia aache hata kijana wa kuuza, akacheka: "Na yeye ni wa kwetu."

Nampa nyota nne. Mwaka huu alirudi Januari tarehe 6, akamtuma mtoto alete kichane cha ndizi mshare za mtori nyumbani kwetu, bure. Jioni nikaenda kumshukuru. Akanisalimia, akauliza hali ya Mama Salma, akavuta kaunta buku toka chini ya meza.

"Haya Baba Salma, tuliishia wapi?"