Akupancha: unacholipia hasa ni mikono

Kwa kipandauso kinachorudi kila mwezi au kiuno kilichogoma kupona, akupancha, tiba ya jadi ya Kichina ya kuchoma sindano nyembamba mwilini, inastahili kujaribiwa. Anayedai inaponya kisukari na ugumba kwa pamoja, mpishe.

Ushahidi wake una kituko. Katika utafiti wa GERAC wa Ujerumani, uliochapishwa mwaka 2007, wagonjwa 1,162 wa maumivu sugu ya kiuno waligawanywa makundi matatu. Kati ya waliochomwa kwenye nukta za mwili zinazofundishwa na tiba hiyo ya Kichina, asilimia 47.6 walipata nafuu; kati ya waliopewa matibabu ya kawaida, 27.4. Vizuri. Ila kundi la tatu lilichomwa juujuu tu, nje ya nukta hizo, nalo likafika 44.2! Uingereza, NICE, taasisi inayotoa miongozo ya matibabu, iliiondoa akupancha kwenye mwongozo wake wa maumivu ya kiuno mwaka 2016. Kwa kuzuia kipandauso inaikubali pale dawa zinaposhindikana: hadi vipindi 10 ndani ya wiki 5 hadi 8.

Kwa hiyo mchoro wa njia za nishati ukutani usikubabaishe. Uliza saa za mafunzo. Miongozo ya WHO ya 1999 inataka saa 2,500 kwa asiye daktari, 1,000 kati ya hizo zikiwa za vitendo. Daktari anayetaka kuitumia kwa matatizo machache, angalau 200. Kozi ya wikendi mbili haifikishi hata 40.

Kisha tazama kazi yenyewe. Nukta ya Neiguan, ya kichefuchefu, iko upande wa ndani wa mkono, upana wa vidole vitatu kutoka mkunjo wa kifundo cha mkono kuelekea kiwiko, katikati ya kano mbili. Vidole vya mgonjwa, si vya mtabibu. Anayepimia vyake kwenye mkono wa mtoto hakufundishwa vizuri. Begani ndipo penye hatari. Nukta ya Jianjing iko karibu juu ya ncha ya pafu: fundi huubana msuli na kuuinua, akachoma kwa kina kifupi. Sindano ikizama wima inaweza kutoboa utando wa pafu, na kubanwa kifua kukaja saa kadhaa baadaye, mgonjwa yuko nyumbani. Hapo ni hospitali moja kwa moja, si kusubiri kipindi kijacho.

Sindano ziwe za kutumika mara moja, pakiti ifunguliwe mbele yako, na zihesabiwe zikiingia na zikitoka (nyuma ya sikio husahaulika sana). Mara ya kwanza lala. Anayechomwa akiwa ameketi huzimia kirahisi. Akizimia, sindano zote hutolewa na miguu huinuliwa. Sindano ikikwama, kosa ni kuivuta kwa nguvu: msuli umekaza, basi usubiriwe na kusuguliwa pembeni.

Usinunue kifurushi cha vipindi 30. Lipia vinne, andika siku za maumivu kwenye daftari, na mtabibu asipotaka kuliona daftari hilo, badilisha mtabibu.