Mchele wa chenga, simu mfu na fundi asiyeitikia salamu: uzoefu wangu

Nianze na hukumu, mwenye haraka asipotezewe wakati. Mchele haufufui simu iliyoanguka majini. Nyota sufuri. Na yule fundi wa Langoni, hapa kwetu Amu (Lamu), niliyempelekea simu baada ya mchele kunishinda, huyo nampa nyota moja, na hiyo moja ni ya mkono wake, mdomo wake haustahili kitu. Huenda nikifika mwisho nikabadilisha, maana tangu jana nishabadilisha mara tatu.

Nilikuwa narudi kwa boti kutoka Mokowe, kule bara, na vikapu viwili, unga na mafuta. Kazi yangu ni mahamri na viazi vya karai, na oda karibu zote hupokea kwa WhatsApp. Mikono ikijaa, simu naichomeka ndani ya mtandio hapa sikioni, naongea huku natembea. Wanawake wa Amu mnanielewa, msijifanye hamfanyi. Basi pale gatini nikainama nimpe nahodha kikapu, mtandio ukalegea, nikasikia chubwi. Wallahi nilidhani ni ndimu.

Bahati maji yalikuwa yamekupwa. Kijana wa boti akajitosa, maji yakamfika kifuani, akapapasa kwa miguu, akaibuka nayo. Dakika mbili hazikutimia. Na ilikuwa inawaka! Kioo kinang'aa, ujumbe wa oda ya bibi harusi uko palepale nausoma. Nikamwombea dua kijana yule, yeye na wazazi wake wote wawili. Nikaifuta kwa leso, nikampigia dada yangu kumsimulia kuwa simu imeanguka baharini na haikufa, kwa sababu aliyeniuzia aliniapia kwamba hii haiingii maji kabisa, unaweza kuogelea nayo. Huyo muuzaji naye nina maneno yake, lakini si leo.

Simu ikazima tukiwa katikati ya mkondo. Nilipofika nyumbani, kitu cha kwanza nilichofanya ni kuichomeka kwenye chaji. Najua. Sasa najua. Msinipigie kelele.

Hapo ndipo mchele ulipoingia. Jirani wa kulia alisema mchele, jirani wa kushoto alisema mchele, shemeji yangu aliyeko Malindi alipigiwa simu naye akasema mchele. Kila mmoja ana binamu ambaye simu yake ilizama, ikafukiwa kwenye mchele, ikafufuka. Binamu mwenyewe huwa hayupo, yuko Dubai. Mimi nikaenda moja kwa moja kwenye gunia dogo la mchele wa biriani. Mama akanikamata mkono. "Mtele wa biriani hauguswi! Simu imekunywa mai ya chombo na mafuta ya chombo, uitie kwenye chakula cha wageni?" Tukabishana weee, mwisho akanipimia chenga, zile za kulishia kuku, akanipa na kopo la maziwa la bati. Kumbukeni hizo chenga. Zitarudi.

Nikaifukia simu, nikafunga kopo, nikaliweka kwenye kidaka sebuleni, pale nyanya yangu alipokuwa akiweka vikombe vyake vya Kichina. Siku tatu. Ukipita unaligusa kopo kama mgonjwa. Mtoto wa dada yangu akauliza kama simu inaiva.

Lakini mimi si mtu wa kungoja. Siku ya pili niliitoa nikaipandisha juu ya paa, nikaianika juani nusu saa, ikawa moto hata kushikika haishikiki, nikaogopa betri itavimba nikaishusha. Jioni nikaenda saluni ya rafiki yangu, akaipiga mashine ya kukaushia nywele huku na huku, na nafikiri kile kiupepo kiliyasukuma ndani zaidi maji yaliyokuwa yanataka kutoka. Mtu mwingine akasema friji, usiku mmoja kwenye barafu. Hapo nikakataa. Chupa ya maji ukiitoa kwenye friji hapa kwetu inatoka jasho mpaka inalowesha meza, sasa simu itatokaje? Hili moja nilitumia akili, naomba lihesabiwe.

Pia kuna ile ya kubonyeza kitufe cha kuwashia pamoja na cha kupunguza sauti, uvishike nusu dakika. Nilivishika. Nilivishika mpaka kidole kikafa ganzi. Hii sitaitukana, kwa simu iliyoganda tu huwa inasaidia, lakini yangu haikuganda, ilikunywa bahari.

Siku ya tatu usiku nikaitoa kwenye kopo, nikapuliza vumbi jeupe, nikabonyeza. Ikawaka.

Nilipiga kigelegele. Sisemi uongo, Mama aliamka. Hapo hapo nilikuwa tayari kuutangazia ulimwengu kwamba mchele ni nyota tano, na wazee wetu wana hekima. Nikachukua kalamu na kipande cha mfuko wa unga nianze kunakili oda kabla halijatokea jingine, nikafungua ujumbe wa bibi harusi, nikaandika: *Alhamisi asubuhi, mahamri mia*

Ikazima. Mia ngapi, ya Mungu mengi.

Nilijaribu tena mpaka usiku wa manane. Chaji haishiki. Waya hata hauingii vizuri, unafika nusu unagota. Pesa za M-Pesa hazikuwa wasiwasi wangu, laini nilishaihamishia kwenye kabambe, ile simu ndogo ya vitufe, ya kaka yangu siku ileile. Tatizo ni zile oda, na sauti za wateja, na picha za keki za watu, vyote vimo ndani, na mimi sijawahi kuviweka akiba popote. Nilikuwa nikiona ule ujumbe wa kuhifadhi nakala, naubonyeza "baadaye". Baadaye ndiyo hiyo.

Sasa tufike kwa fundi, maana ndiye aliyenifanya niandike.

Duka lake ni kijichumba tu, meza moja, taa moja yenye shingo ndefu, na mbele yake baraza. Barazani walikuwa wamekaa wazee wawili na mtoto wa madrasa na juzuu yake. Nikatoa salamu. Wazee wakaitikia. Fundi hakuitikia. Hakuinua hata kichwa. Alinyosha mkono tu, kiganja juu, kama konda anayedai nauli. Nikampa simu. Akaiinamisha chini ya taa, akachungulia tundu la chaji, akachukua kibano chembamba, akachokoa mara moja, mara mbili, akatoa kitu. Akakiinua juu kwenye mwanga ili kila mtu akione.

Punje ya mchele. Chenga. Nyeupe, imevimba kidogo, ncha moja imeshaanza rangi ya kijani.

"Dada," ndilo neno lake la kwanza kwangu, "wataka nikutengezee simu ama nikupikie pilau?"

Wazee walicheka mpaka mmoja akakohoa. Mtoto wa madrasa naye akacheka, na yule mtoto ni wa mteja wangu, kwa hivyo nilijua kufikia magharibi mtaa mzima utakuwa na habari. Punda aliyekuwa anapita na mawe ya matumbawe mgongoni alisimama, na mimi niliona kama naye ananitazama.

Nimefikiria majibu kumi na saba tangu siku ile. Siku yenyewe nilipata moja tu, tena la kipuuzi. Nikamwambia: "Mbona kwenye chupa ya chumvi watu hutia punje za mchele ili isigande? Si kwa sababu mchele unavuta maji?"

Akaniuliza, "Na chumvi ya nyumbani kwenu haigandi?"

Nikanyamaza. Inaganda. Musimu wa kusi unaigonga chupa mezani mpaka mkono unauma, chumvi na mchele wake vimeshikana pamoja kama jiwe.

Hapo ndipo akanieleza, bado bila kuniangalia, anazungumza na bisibisi. Kwamba adui si maji, adui ni chumvi. Kwamba simu ikizima betri haijazima, imeshikana na bodi mle ndani, na umeme ukipita kwenye maji ya chumvi unaila shaba. Ukichomeka chaji ndiyo umeiongezea meno. Mchele hata ungekuwa na miujiza ya kunyonya maji yote, chumvi hauigusi, inabaki juu ya bodi, na hewa yetu hii ikiingia inavuta unyevu upya. Ndiyo maana iliwaka usiku ule ikafa tena. Kisha akasema la kunitia wazimu: kwamba pale pale Mokowe ningeizima, nikatoa laini, nikaisuuza kwa maji matamu, hata haya ya visima vya Shela tunayokunywa, halafu nikaiacha wazi penye upepo na kuileta kwake siku hiyohiyo.

Simu imeanguka majini, na wewe wataka niioshe? Nilidhani ananicheza shere mara ya pili. Nilikasirika zaidi nilipogundua kwamba ni kweli. Nilikuja kusoma baadaye kuwa hata majaribio ya simu "zisizoingia maji" hufanywa kwa maji matamu, bahari haimo katika ahadi hiyo. Na kampuni ya Apple ilishaandika mwaka 2024 kuwaambia wateja wake wasitie simu kwenye mchele kwa sababu vijipunje vinaweza kuiharibu. Simu yangu si ya Apple, lakini chenga ni chenga. Angalau wao waliandika kwa adabu, hawakuinyanyua punje ya mtu mbele ya wazee.

Akaifungua. Hapa lazima niseme haki ingawa inaniuma. Ile mikono! Alipasha moto kioo taratibu, akapitisha kadi nyembamba pembeni, kioo kikaachia bila hata kulia. Akaniita, "Ndoo uone." Akanionyesha kijikaratasi kidogo kinachotakiwa kuwa cheupe, kimekuwa chekundu, yaani ushahidi wa maji, na muuzaji ukimpelekea akikiona hicho maneno ya garantii yamekwisha. Akanionyesha pembe ya bodi karibu na tundu la chaji, kuna uchafu wa kijani na mweupe umekaa kama ukoga kwenye sufuria ya shaba. Akachomoa waya wa betri kwanza, akachukua mswaki, mswaki wa kawaida kabisa wa meno, akauchovya kwenye spiriti, akaanza kusugua kidogokidogo kama anayempiga mtoto mswaki. Nilitazama robo saa nikasahau kumchukia.

Akanikumbusha mwenyewe. Mteja mwingine alikuja, fundi akamwambia, "Ngoja, namalizia simu ya pilau."

Nilitoka. Niliacha simu, nikatoka, nikapita njia ya nyuma ufukweni badala ya njia kuu ya sokoni ili nisipite tena barazani.

Siku mbili baadaye nilimtuma mtoto wa dada yangu na pesa, elfu moja na mia mbili: kusafisha na kubadilisha tundu la chaji. Bei si mbaya, nakubali. Simu ikarudi inawaka. Chaji inashika. Ujumbe wa bibi harusi upo: mahamri mia tatu, na viazi visiwe na pilipili. Mimi nilikuwa nimeshakisia mia tano na kununua unga wa mia tano, kwa hivyo kama kuna anayetaka mahamri wiki hii aseme.

Kasoro zipo. Spika ya chini inakoroma, mtu akiongea ni kama yuko ndani ya mtungi. Kamera ya mbele ina ukungu. Fundi alimwambia mtoto anieleze kwamba hatoi ahadi, simu iliyokunywa bahari yaweza kukaa mwaka na yaweza kufa kesho, nitoe vitu vyangu mapema. Usiku uleule nilihifadhi kila kitu, sikubonyeza "baadaye".

Basi mchele unabaki sufuri. Fundi nilikuwa nimempandisha nyota tatu. Halafu nikaigeuza simu nione kava, na nyuma yake, chini ya kipande cha selotepu kilichobandikwa kwa unadhifu wa mtu asiye na kazi, kuna ile punje.

"Amesema ni yako," mtoto akaniambia. "Amesema hachukui mali ya mtu."

Nyota mbili. Mama ameiona amecheka mpaka ameketi chini, anataka tumpelekee sahani ya biriani. Mimi nimesema tutaona. Selotepu sijaibandua bado.