Uchambuzi wa GAP: je, inafaa kwa moduli za makundi ya Lie katika karakteristiki p?

Karibuni tena, ndugu watazamaji. Leo mezani tuna GAP, programu ya kukokotoa makundi na aljebra. Ilianzishwa Aachen, Ujerumani, mwaka 1986 chini ya Joachim Neubüser, na bado inatolewa bure kwa leseni ya GPL (leseni ya programu huria). Bure hiyo ina uzito wake, maana mshindani wake mkubwa, Magma, ni wa kulipia.

Siipimi kwa kila kitu. Naipima kwa kazi moja: uwakilishi wa makundi kama SL(2,q) na SL(3,q), yaani matriksi za 2 kwa 2 au 3 kwa 3 zenye determinanti 1, kwa matriksi juu ya fildi ya karakteristiki p (ambamo kujumlisha 1 mara p kunatoa sifuri), pale p inapogawa oda ya kundi, yaani idadi ya elementi zake. Hapo nadharia ya Maschke haitusaidii tena. Moduli, yaani nafasi za vekta ambazo kundi linazitenda, haziachani kuwa jumla safi ya vipande sahili (visivyovunjika zaidi), vipande vinashikamana, na kazi yetu ni kujua ni vipande gani na vingapi.

Kusakinisha tupite haraka. Faili ni zito, megabaiti mia kadhaa, kwa hiyo usilichomee bando la simu. Ukiwa chuo chenye eduroam (Wi-Fi ya vyuo) ya RENU, mtandao wa vyuo vya Uganda, pakua hapohapo. Kwenye Windows, njia ya folda isiwe na nafasi kati ya maneno. Kwenye Ubuntu unaweza kutumia apt, ila toleo lake mara nyingi liko nyuma ya lile la tovuti. Ikishafunguka, andika LoadPackage("ctbllib"); na usubiri neno true. Ukipata fail, maktaba ya jedwali za karakta (orodha za tresi, yaani jumla za ulalo, za matriksi za uwakilishi) haipo, na nusu ya video hii haitakufaa. Na ukibonyeza Enter ukaona alama ya > peke yake, programu haijaganda: umesahau nukta mkato.

Sasa tazameni skrini.

t := CharacterTable("A5") mod 2;
Display(DecompositionMatrix(t));

A5 ni SL(2,4) kwa jina lingine, kwa hiyo 2 ndiyo karakteristiki yake ya asili, ile ya fildi linalojengwa juu yake. Safu mlalo ni tano, za karakta za kawaida (za karakteristiki sifuri) zenye digrii, yaani dimensheni, 1, 3, 3, 4 na 5. Safu wima ni nne, za karakta za Brauer (za moduli sahili za modulo 2) zenye digrii 1, 2, 2 na 4. Safu mlalo ya mwisho inasomeka 1, 1, 1, 0, maana yake ile ya digrii 5 ikishushwa kwenye modulo 2 inakuwa 1+2+2. Ile ya 4 imekaa peke yake kwenye bloku yake (fungu la karakta zinazoshirikiana vipande): hiyo ndiyo moduli ya Steinberg, sahili kubwa kuliko zote kwenye karakteristiki ya asili. Na namba zinakubaliana na nadharia ya Steinberg ya mwaka 1963 kuhusu zao la tensa: chukua moduli ya asili yenye dimensheni 2, chukua pacha wake wa Frobenius (matriksi zilezile, kila namba ndani yake ikipandishwa kipeo cha 2), zizidishe, unapata 4.

Lakini angalieni jedwali hilo limetoka wapi. Limesomwa kutoka maktaba. GAP yenyewe hukokotoa jedwali la Brauer pale kundi linapokuwa p-tatulifu (p-solvable), kwa nadharia ya Fong na Swan. Kundi lako lisipokuwa hivyo, na maktaba haina, kwa kawaida utajibiwa fail. Watu wengi hudhani wamekosea kuandika. Hawajakosea, jibu halipo.

Ndipo inapoingia sehemu ninayoipenda kuliko zote, MeatAxe, zana ya kuvunja moduli kuwa vipande sahili. Wazo ni la Richard Parker, miaka ya 1980, likaimarishwa na Holt na Rees mwaka 1994. Inachukua elementi ya nasibu kwenye aljebra ya kundi, inatafuta polinomia yake bainifu, inaichambua, inachukua vekta kwenye nafasi inayokufa, kisha inaizungusha kwa matriksi zote mpaka nafasi itulie. Nafasi ikiwa ndogo kuliko moduli nzima, umepata kipande. Isipokuwa ndogo, jaribio la Norton linaamua kama moduli ni sahili. Nasibu hiyo haiharibu jibu, inabadilisha tu muda na mpangilio wa vipande.

g := GeneratorsOfGroup(PSL(2,5));
m := GModuleByMats(List(g, x -> PermutationMat(x, 6, GF(2))), GF(2));
f := MTX.CompositionFactors(m);
List(f, MTX.Dimension);

PSL(2,5) ni A5 ileile, safari hii ikicheza juu ya nukta sita. Majibu: 1, 1 na 4. Hapa ndipo wengi hudanganyika: "ile 4 ndiyo Steinberg." Siyo! Ongeza mstari huu:

List(f, MTX.IsAbsolutelyIrreducible);

Kwenye ile ya 4 utaona false. Badilisha GF(2) zote mbili ziwe GF(4), rudia, na utapata 1, 1, 2, 2. Zile pacha mbili za dimensheni 2 zinahitaji mzizi wa tatu wa moja, na GF(2) haina, kwa hiyo zimefungwa pamoja kama kitu kimoja. Steinberg ya kweli utaipata kwa nukta tano: tumia AlternatingGroup(5), weka 5 badala ya 6, utapata 1 na 4, na safari hii 4 inajibu true. Basi usiandike dimensheni yoyote kwenye tasnifu kabla ya kuuliza swali hilo la pili.

Upande wa makundi ya aljebra ndio unaonipa kinyongo. Tazameni:

L := SimpleLieAlgebra("A", 2, Rationals);
DimensionOfHighestWeightModule(L, [1,1]);

Hiyo ni aljebra ya Lie ya SL(3), na [1,1] ni uzito wa juu unaoitambulisha moduli. Jibu ni 8. Ni sahihi kwa karakteristiki sifuri, na ni dimensheni ya moduli ya Weyl (ileile ikiletwa kwenye modulo p) kwa p yoyote. Moduli sahili ni habari nyingine. Kwa p = 3, matriksi ya utambulisho ya 3 kwa 3 ina tresi 3, yaani sifuri, kwa hiyo inaingia ndani ya matriksi za tresi sifuri, ambazo ndizo moduli yetu ya 8, na inayobaki juu ni 7. Thibitisheni:

g := GeneratorsOfGroup(SL(3,3));
k := List(g, x -> KroneckerProduct(x, TransposedMat(x^-1)));
List(MTX.CompositionFactors(GModuleByMats(k, GF(3))), MTX.Dimension);

Zinatoka 1, 7, 1. Weka 5 badala ya 3 na zinakuwa 1 na 8. Kisha fungua CharacterTable("L3(3)") mod 3 uone digrii zote tisa: 1, 3, 3, 6, 6, 7, 15, 15, 27. Ile 7 ipo, na 27 ya mwisho ni Steinberg, 3 kwa kipeo cha 3.

Msitegemee fomula moja ya jumla iwaokoe hapo. Lusztig alitoa dhana yake kuhusu karakta za moduli sahili mwaka 1980, Andersen, Jantzen na Soergel wakaithibitisha kwa p kubwa mno mwaka 1994, halafu mwaka 2013 Williamson akaonyesha inakovunjika, hata kwa p zilizodhaniwa ni kubwa vya kutosha. Kwa p ndogo, unakokotoa.

Kuhusu kasi: MeatAxe ya ndani imeandikwa kwa lugha ya GAP yenyewe. Dimensheni ya mamia haina shida kwa laptop ya kawaida, lakini ukifika maelfu utachoka kusubiri. Pitisha matriksi kwenye ImmutableMatrix(GF(2), x) kwanza ili zibanwe. Hilo linafanya kazi kwa fildi hadi elementi 256. Ukizidi hapo kwa dimensheni, chukua C MeatAxe, programu tofauti, nayo ni ya bure.

Kumbukumbu ikijaa utaona brk>. Andika quit; kisha anza upya na gap -o 4g kama mashine ina nafasi. Na kwa sababu umeme wetu tunaujua, mstari wa kwanza wa kila kikao uwe LogTo("kazi.txt"), ili majibu yaandikwe kwenye faili papo hapo. SaveWorkspace nayo ipo, ila inakubali ukiwa kwenye gap> tu, ukiwa ndani ya brk> inakataa.