Riwaya ya Ukerewe na tamthilia ya anga za juu: uzoefu wangu

Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikisoma riwaya ya Aniceti Kitereza, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali, na usiku, wakati vifurushi vya intaneti vina nafuu, nikitazama Star Trek: The Next Generation, tamthilia ya Kimarekani iliyorushwa kati ya mwaka 1987 na 1994. Ninaishi Kirumba, Mwanza. Sikuvichagua viwili hivi ili nivilinganishe, ila nimeona kwamba vyote vinayapa uzito mambo ya nyumbani ambayo waandishi wengi huyapita mbio, na kwa sababu hiyo ninavipendekeza.

Kitereza alimaliza kuiandika riwaya yake mwaka 1945 kwa Kikerewe, lugha ya kisiwa cha Ukerewe katika Ziwa Victoria. Kwa kuwa haikupata mchapishaji katika lugha hiyo, aliitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980. Alifariki mwaka uliofuata, kabla nakala hazijamfikia mkononi, jambo ambalo hunichoma kila ninapokifungua kitabu. Kisa chenyewe ni cha mume na mke waliokosa mtoto. Wazazi wa Bugonoka wanamrudisha binti yao nyumbani kwa sababu ya masimango ya upande wa mume, na Myombekere anapokwenda ukweni kumwomba mkewe, anatozwa pombe ya ndizi. Mwandishi mwenye haraka angesema tu kwamba pombe ilipelekwa na wakapatana, lakini Kitereza hana haraka hiyo: anatuonyesha kazi, wageni, maamkizi na chakula, mpaka msomaji anaelewa kwamba suluhu ya ndoa imo ndani ya taratibu hizo zenyewe.

Nilipokuwa nikimsomea mama mkubwa, mzaliwa wa Nansio huko Ukerewe, sehemu ya Myombekere ukweni, aliacha kuchambua dagaa, mikono ikabaki juu ya ungo. “Mkwe haingii hivi hivi, mwanangu,” alisema, “na shida yake haisemi kabla hajaulizwa habari za huko atokako.” Kisha akanieleza jinsi baba yake alivyowapokea wakwe, na jioni ile hatukusoma zaidi.

Tamthilia nayo ina vipindi vingi vya mitambo na maelezo ya kiufundi, ambavyo sikuvutiwa navyo sana, na msimu wa kwanza ni dhaifu. Lakini kipindi cha “The Inner Light,” cha mwaka 1992, kinatosha kuilipia. Nahodha Picard anazimia ndani ya chombo chake cha angani na kuzindukia kwenye sayari ya Kataan, ambako anaitwa Kamin na tayari ana mke. Anajifunza kupiga filimbi, analea watoto wawili, anafiwa na mkewe na kuwa babu, huku ukame ukizidi mwaka hadi mwaka. Chomboni zimepita dakika chache tu. Watu wale walikwisha kuangamia zamani, na kabla ya mwisho wao walirusha angani kifaa cha kuyabeba maisha yao, ili apatikane mtu mmoja wa kuwafahamu. Nilipoona hivyo nilimfikiria mzee wa Ukerewe aliyeandika kwa miaka mingi ili desturi za wazee wake zisipotee, na nikalia.

Tangu hapo ninaandika kwenye daftari yale ambayo mama mkubwa ananisimulia: jinsi karabai zilivyowashwa kwa uvuvi wa dagaa kabla ya taa za sola, na kazi walizofanya wavuvi siku za mbalamwezi, ambapo dagaa hawavuliwi.

Kasoro zipo. Kitabu ni kinene na ni adimu madukani. Nakala yangu niliinunua kwa muuza vitabu vya mitumba, na kurasa zake zimeanza kuachia. Huduma niliyoitumia kutazama haina tafsiri ya Kiswahili chini ya picha, kwa hiyo wenzangu nyumbani walilazimika kunitegemea mimi niwaeleze, na kifurushi kinakwisha upesi. Anayetaka kujaribu aanze na kipindi hicho kimoja, kwani hakihitaji kutanguliwa na vingine, na riwaya aisome kwa sauti mbele ya mtu mzima wa visiwani akimpata. Kitabu ningekinunua tena hata kwa bei mara mbili. Tamthilia ningeilipia mwezi mmoja mmoja, nikichagua vipindi.