Miaka mitatu na hali fiche ya Chrome: inachofuta na inachoacha

Nimetumia hali fiche (Incognito) ya Chrome, kivinjari cha Google, yaani dirisha lisilohifadhi historia ya kurasa ulizofungua, karibu kila siku kwa miaka mitatu, kwenye simu yangu ya Android na kwenye kompyuta za steshenari. Naandika kwa sababu niliiamini kwa kazi ambayo haiifanyi, na wengi ninaowafahamu bado wanaiamini hivyo hivyo.

Mwaka jana nilikuwa natafuta kazi. Kompyuta sina, nikaenda steshenari moja karibu na kituo cha daladala. Nikafungua lile dirisha jeusi lenye alama ya kofia na miwani, nikaingia kwenye barua pepe yangu, nikapakua cheti cha kuzaliwa, nakala ya kitambulisho cha NIDA na vyeti vya shule, kisha nikavipakia kwenye mfumo wa maombi. Nikafunga dirisha, nikalipa, nikaondoka na moyo mweupe.

Kesho yake nilirudi kuchapisha barua. Dada wa pale akafungua folda ya Downloads akitafuta faili la mteja mwingine, na mimi nimesimama nyuma yake. Nikaona jina langu. Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya nne. Juu na chini yake kulikuwa na mafaili ya watu nisiowajua: cheti cha ndoa, fomu ya mkopo, CV zisizohesabika. Nilihisi baridi. Nikamwomba afute yangu, akafuta bila kinyongo, kisha nikamwomba amwage na pipa la taka la kompyuta, maana faili likifutwa hukaa humo kwanza.

Kusema haki, kivinjari hakikunidanganya. Ukurasa wa kwanza wa dirisha lile unasema wazi kwamba faili ulizopakua na alamisho (bookmarks) zinabaki. Kinachoondoka ni historia ya kurasa, vidakuzi (cookies, vifaili vidogo ambavyo tovuti huweka ili zikukumbuke) na yale uliyojaza kwenye fomu. Navyo haviondoki mpaka madirisha yote fiche yafungwe, kwa sababu yanatumia kikao kimoja. Ukifunga lako na jingine likabaki limejificha nyuma, atakayekaa kwenye kiti baada yako anaikuta barua pepe yako iko wazi. Na kama kuna mtu ameweka kwenye kompyuta ile programu ya kunasa kila herufi unayoandika, hali fiche haina la kumfanya.

Kwenye simu ndiko ninakoipenda. Mdogo wangu huichukua simu yangu bila kuomba, na sitaki kila nilichotafuta kimtokee anapoandika herufi mbili. Nimewasha pia mpangilio wa kufunga vichupo (tabs) fiche kwa alama ya kidole nikitoka Chrome. Kwa kazi hiyo naipa nyota nne. Kwa kompyuta ya watu, moja.

Kazi niliipata, na huko ndiko nilikojifunza la pili. Kijana wa IT alikuwa anatafuta nani anamaliza bando la ofisi, akanionyesha orodha kwenye skrini yake: jina la simu yangu, saa, na majina ya tovuti. Mojawapo ilikuwa tovuti ya afya niliyoifungua kwenye hali fiche wakati wa chakula cha mchana, kwa jambo ambalo sijamwambia hata mama yangu. Alinieleza kwamba tovuti zenye HTTPS, yaani zinazosimba mawasiliano njiani, humwonyesha jina la tovuti tu, si ukurasa niliousoma wala nilichoandika. Lakini jina peke yake lilitosha kunifanya nishindwe kumtazama usoni. Kampuni ya simu inayokuuzia bando nayo imekaa njiani vivyo hivyo.

Hata tovuti yenyewe inakuona. Anwani yako ya IP, namba inayotambulisha muunganisho wako wa intaneti, haifichwi, na ukishaingia kwenye akaunti yako umejitaja jina. Hilo ndilo lililozaa kesi iliyofunguliwa California mwaka 2020 dhidi ya Google, watumiaji wakidai walifuatiliwa wakiwa kwenye hali fiche. Mwaka 2024 kampuni ilikubali kuharibu mabilioni ya kumbukumbu za data, ingawa makubaliano yenyewe hayakuwalipa watumiaji fidia. Maneno ya ukurasa ule wa kwanza nayo yalibadilishwa: sasa yanaeleza kwamba tovuti, na huduma zinazotumiwa na tovuti hizo, ikiwemo Google, zinakusanya data kama kawaida. Yasome. Ni mistari michache, na mimi nilipita juu yake miaka miwili nzima.

Mambo ya afya siku hizi nayasoma kwa bando langu mwenyewe, kwenye dirisha la faragha la kivinjari cha Firefox, ambalo tangu 2015 linazuia vifuatiliaji vingi vinavyojulikana. Nimejaribu pia Tor Browser, inayopitisha mawasiliano kwenye vituo vitatu ili tovuti isijue umetokea wapi. Inaficha kweli, ila kwa mtandao wa mtaani kwetu ukurasa mmoja unaweza kukupa muda wa kuchemsha chai.

Nyaraka napakia kutoka kwenye simu yangu. Mfumo ukigoma ndipo naenda steshenari, na siinuki kabla sijafungua ile folda. Yule dada nilimwomba awe anaimwaga kila jioni. Wiki iliyopita nilipopita kuchapisha, ilikuwa na mafaili matatu tu, yote ya siku ile.