Ofisi ya tiketi Mtwara mjini iliyotupangia Argentina, nawapa nyota 4

Jamani watu wa Mtwara na Lindi, safari ya mbali sio lazima uende Dar ukapangiwe, hawa jamaa wanaweza kabisa. Mimi na mume wangu tuliwapelekea karatasi imejaa majina, Buenos Aires, Iguazú, Perito Moreno, Ushuaia, Mendoza, Salta, yote tunayataka kwenye likizo moja. Dada wa pale akaisoma yote, hakutucheka, akafungua ramani. Argentina ni karibu mara 3 ya Tanzania, na kutoka Buenos Aires mpaka El Calafate kwenye barafu ni zaidi ya kilomita 2,700 kwa barabara, yaani utoke Mtwara ufike Bukoba na bado unaendelea tu. Akasema chagueni sehemu 3 zisizofanana kabisa, jiji, maji na barafu, na katikati mpande ndege sio basi. Wengine wangetuuzia zote 6 wale hela yetu.

Tulienda Desemba, hela za korosho zimeshaingia, na kule ndio msimu wa joto. Iguazú ni joto na unyevu utadhani hujatoka Shangani, maporomoko zaidi ya 200 na pale Garganta del Diablo, poromoko kubwa kuliko yote, unalowa mpaka ndani, upande wa Brazil hatukuvuka. Halafu safari hiyohiyo El Calafate upepo wa baridi unakata masikio na jua linazama karibu saa 4 usiku! Alishatuambia tubebe jaketi nzito ila begi liwe dogo, ndege za ndani haziruhusu mzigo mkubwa, na kweli tuliona watu wanalipishwa kaunta.

Perito Moreno, ile barafu ya karibu na El Calafate, mimi siwezi kuieleza vizuri. Ukuta wa barafu mbele yako upana kama kilomita 5, rangi ya bluu, unasubiri unasubiri mara kipande kinameguka kinadondoka ziwani, sauti inakufikia kifuani kabisa. Alitupangia siku nzima pale, ratiba nyingi nilizoziona mtandaoni ni masaa machache tu, aisee wangetupangia hivyo wangekuwa wametunyima.

Buenos Aires sawa, nyama tamu sana, ila watu wanakula usiku mno, saa 3 ndio mgahawa unaanza kujaa, kama una watoto wale mapema.

Nyota 1 nimepunguza kwa ajili ya tiketi. Ratiba ya kwanza tulikuwa tunatua Ezeiza halafu baada ya masaa 3 tunaruka Aeroparque, hivyo ni viwanja 2 tofauti, kimoja nje ya jiji kingine mjini kabisa, na katikati kuna uhamiaji, mabegi na foleni za barabarani. Mume wangu ndio aliona. Walibadilisha bila kutuchaji, nawashukuru, lakini meseji za WhatsApp zilikaa siku nzima bila kujibiwa na sisi presha juu. Kwa hiyo ukipewa ratiba yao, angalia jina la kiwanja kwenye kila tiketi kabla hujalipa.